Mwewe kasingiziwa: uchambuzi wa banda moja lililokuwa linaisha kuku

Hali ilikuwa hivi. Mzee mmoja mstaafu anafuga kuku wa kienyeji kwa mtindo wa huria, yaani asubuhi anafungua banda wanatoka wanazunguka eneo lote wanajitafutia, jioni wanarudi wenyewe, yeye kazi yake ni kuwamwagia pumba na kufunga mlango. Alikuwa na mitetea 17, majogoo 2 na vifaranga 22 wa mama wawili. Ndani ya wiki chache vifaranga wakabaki 15, mayai yakawa hayaonekani, mtetea mmoja akatoweka bila kuacha hata unyoya, alafu ikaja asubuhi moja mzee kafungua banda anakuta mitetea 6 wamelala chini wamekufa. Aliponipigia simu wala hakuniuliza kitu, jibu alikuwa nalo tayari: "Mwanangu, huyu mwewe ananimaliza."

Na kwa jibu hilo alishafanya kazi kubwa tu. Kaning'iniza sidii kuukuu kwenye kamba kila kona zinametameta, kasimamisha sanamu la mtu lenye shati na kofia, na alikuwa anajiandaa kununua wavu wa kufunika uwanja wote kwa juu, ambao kwa eneo la karibu nusu ekari ni hela ya maana. Jirani yake nae kamshauri aweke sumu kwenye nyama aitupe uani. Nikamwambia mzee shikamoo, naomba usinunue kitu na usiweke kitu, nakuja.

Sasa kabla sijaenda mbali, kuna jambo moja ambalo kwenye kesi za namna hii ndo linaharibu kila kitu: hasara nne tofauti zimepewa jina moja. Vifaranga wanaopungua, mayai yasiyoonekana, mtetea aliyetoweka na mitetea waliouawa bandani, zote zimewekwa kwenye kapu la mwewe kwa sababu mwewe ndo anaonekana. Anazunguka juu mchana kweupe kila mtu anamuona. Anayekuja usiku hamna anayemuona kwaiyo hashtakiwi.

Tukaanza na mitetea sita maana bahati nzuri mzee alikuwa hajawazika wote, wawili bado walikuwepo kwenye ndoo. Swali la kwanza, walikufa ndani ya banda lililofungwa, usiku. Mwewe hawindi usiku, hapo tu kesi yake inakufa. Bundi anawinda usiku lakini nae hawezi kuingia banda lililofungwa labda kuwe na uwazi mkubwa. Kwaiyo ni mnyama wa miguu minne au nyoka, na nyoka unamtoa haraka, nyoka kwa kawaida haui kuku sita wakubwa akawaacha, yeye anameza au anaondoka.

Ukicheki ile mizoga, majeraha yapo shingoni na kichwani, matundu madogo ya meno, mwili mzima haujaguswa. Kwa mujibu wa mzee ni mmoja tu ndo alikuwa ameliwa, kichwa hakuna na kifua kimefunuliwa. Watu wengi wakiona hivi wanasema huyu mnyama ni katili au ni mambo ya kishirikina, sijui anakunywa damu. Hapana. Wawindaji wadogo wana kitu kwenye silika yao, kinachopapatika mbele yao wanakikamata. Porini ukikamata mmoja wengine wanakimbia na mchezo umeisha. Bandani kuku hawana pa kukimbilia, na gizani kuku haoni vizuri kabisa, wanarukaruka wanagonga ukuta wanaanguka chini, kila anayeruka anamchokoza mnyama upya, na ataendelea mpaka kutulie. Kwaiyo kuku sita kufa na mmoja kuliwa haimaanishi walikuja wanyama sita, ni mmoja tu aliyefungiwa na kundi lenye panic.

Mbwa nae huwa anaua wengi bila kula, lakini mbwa kazi yake ni chafu, anatafuna, anavunja mbavu na mgongo, manyoya yanatapakaa eneo zima, na angepita wapi? Mlango ulikuwa umefungwa. Kuna waya umechanika chini nyuma ya banda, tundu linapitisha ngumi, hapo mzee ndo alikuwa anapaonyesha kama njia ya mwizi (ndio, alikuwa na nadharia mbili kwa wakati mmoja, mwewe na tundu la chini, sikutaka kubishana nae). Tayari alishaanza kuchimba mtaro apitishe matofali.

Nikainama na tochi. Lile tundu limekatizwa na utando wa buibui, na sio utando mpya wa jana, ni ule mkuukuu wenye vumbi na makapi ya pumba yameganda. Hakuna mnyama aliyepita hapo siku nyingi sana. Yule mwizi kapita kwingine.

Tukatazama juu. Banda lenyewe ni la mbao, paa la bati, kuta ni nusu mbao nusu waya wa kuku, ule laini wenye matundu ya pembe sita. Na kati ya ukuta na bati kuna uwazi unazunguka banda zima, fundi aliuacha kwa ajili ya hewa, upana wa vidole vinne hivi. Kwenye nguzo ya kona kuna mikwaruzo mipya inapanda mpaka juu, na kwenye msumari uliochomoza pale juu kuna nywele za kijivu zimenasa. Basi.

Kuthibitisha tukatandaza majivu. Hii njia haina gharama na naipenda kuliko kamera, unachekecha majivu laini kuzunguka banda upana wa hatua moja, jioni baada ya kuku kuingia, asubuhi unasoma. Usiku wa kwanza hamna kitu, nyayo za mzee mwenyewe tu na malapa yake. Baadae zikaja, nyayo ndogo za mviringo zenye vidole vinne bila alama ya kucha. Hapo lazima uelewe tofauti: mbwa na jamii yake, pamoja na nguchiro, kucha zao ziko nje muda wote kwaiyo zinaacha alama mbele ya vidole. Paka na kanu (mnyama mdogo wa usiku mwenye madoa na mkia mrefu) wanazirudisha kucha ndani wakitembea. Paka wa nyumbani wapo mtaani, ila paka kuua mitetea sita wakubwa kwa mpigo ni nadra, huyo mtu wake ni vifaranga. Kanu ndo mwenyewe, mwembamba, mrefu, mpandaji hodari, na kichwa chake kikipita mwili wote unapita. Nguchiro wengi wanatembea mchana, japo wapo wa usiku, lakini hizi nyayo hazikuwa na kucha na hiyo nguzo kapandwa, kwaiyo nikamwambia mzee mwizi wa mitetea ni kanu na njia yake ni juu, ule mtaro wa matofali usingemzuia hata siku moja.

Kwenye eneo lako mwizi wa usiku anaweza kuwa mwingine, kwingine ni mbweha, kwingine rakuni anayefungua komeo kwa vidole kama mtu, kwingine kicheche. Namna ya kumfikia ni ileile: muda, jeraha, njia, nyayo.

Haya, vifaranga. Hapa ndo mwewe kweli yumo, ila sio peke yake. Nilimuuliza mzee vifaranga wanapungua saa ngapi, akasema mchana. Umejuaje? "Si nawahesabu jioni wamepungua." Sasa kama unahesabu jioni mpaka jioni, hiyo hesabu haikwambii mchana wala usiku, inakwambia tu kwamba ndani ya siku nzima kuna kilichotokea. Tukabadilisha, akawa anahesabu wakati wa kufunga na wakati wa kufungua. Na hiyo hesabu ndo ikafungua kesi: jioni wamelala 15, asubuhi wapo 13, mlango umefungwa na mama zao wapo wazima wanalia tu. Wawili wameondoka usiku.

Ukiona kifaranga anapotea usiku na mama yake yupo palepale bila jeraha, waza panya kwanza. Panya mkubwa anajipenyeza kwenye tundu la sentimita 2 tu, na kifaranga mdogo ana uzito wa gramu 40 hivi akitoka kwenye yai, anamvuta kirahisi. Pale chini ya sakafu kulikuwa na shimo, tukafukua kidogo tukakuta mguu wa kifaranga na manyoya. Na kwanini panya wapo wengi pale? Kwa sababu pumba inaachwa kwenye sahani usiku kucha, na gunia la chakula limesimama bandani limefunguliwa mdomo. Mzee alikuwa analisha kuku na panya kwa pamoja. Alafu panya wakiwa wengi nyoka nae anafuata, hapo bado hajafika lakini ilikuwa ni suala la muda tu.

Waliopotea mchana, hao ni wa mwewe na kunguru. Uwanja wa mzee katikati ni mweupe, nyasi fupi hamna hata kichaka, vifaranga wanafuata mama pale wazi na mwewe anashuka mara moja tu. Nilikaa chini ya mti nikamsikiliza jogoo wake mkubwa, maana kuku wana milio tofauti ya hatari. Adui wa angani jogoo anatoa mlio mwembamba wa kuvuta, na wote wanaganda au wanakimbilia kivuli. Adui wa ardhini ni zile kelele za kukatakata za ko-ko-ko-kaaa ambazo kila mtu anazijua, shingo zimenyooka wote wanatazama upande mmoja. Ukijifunza hizi mbili unaweza kuwa jikoni ukajua nje kuna nini. Kwa mzee ule wa angani ulilia na vifaranga hawakuwa na pa kwenda, mama katandaza mbawa lakini wale walio mbali nae wanabaki wazi.

Ila kitu kimoja kuhusu mwewe ambacho kingemuokolea mzee hela nyingi: huyu ndege uzito wake ni kilo moja hivi, mara nyingi hata haifiki, na ndege hanyanyui mzigo unaomzidi uzito. Kifaranga anambeba, kuku mdogo wa mwezi mmoja na nusu anambeba, ila mtetea mkubwa aliyetoweka bila unyoya hajabebwa na mwewe. Ndege mkubwa wa mawindo akimuua kuku mkubwa atamlia hapohapo, na utakuta rundo la manyoya yamenyonyolewa na kifua kimeliwa. Tai mkubwa ni habari nyingine, ila pale kwa mzee hayupo.

Sasa yule mtetea aliyetoweka na mayai yasiyoonekana. Hapa mzee alishamuacha mwewe, sasa alikuwa na hakika ni nyoka au kenge, na kweli dalili zinafanana, maana kunguru anatoboa yai anaacha ganda lina tundu, panya anatafuna ganda linabaki na kingo zenye meno, kuku anayekula mayai yake mwenyewe anaacha kiota kimelowa ute, nyoka na kenge ndo wanameza zima bila kuacha kitu. Ganda halipo, kwaiyo nyoka. Mantiki safi kabisa.

Ila nikaona vile viota vyenyewe, ni maboksi mawili kwa mitetea 17, yamejaa utitiri, mitetea wanayakwepa. Tukaingia kwenye ua wa michongoma upande wa pili, tukatembea taratibu huku tunachungulia chini. Kumbe. Kiota kina mayai 14, na juu yake amekaa yule mtetea "aliyetoweka", anaatamia na macho makali. Hatua chache mbele kiota kingine, mayai saba, hamna mtu. Mwizi wa mayai hakuwepo, kuku walikuwa wamehama tu. Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Kwaiyo hasara nne, wezi wanne (kanu, panya, mwewe na kunguru), na mbili hazikuwa wizi. Sasa tiba.

Usiku tuliushughulikia kwanza kwa sababu usiku mmoja unaweza kukumalizia banda zima, wakati mchana unapoteza kifaranga mmojammoja. Ule uwazi wa juu tuliuziba wote kwa wavu wa chuma uliochomelewa wa matundu ya nusu inchi, yaani milimita 13, hewa inapita ila kichwa cha kanu hakipiti wala panya mkubwa. Na tuliufunga kwa skrubu na washa, sio zile pini za kupiga kwa nyundo ambazo zinang'oka ukivuta kwa mkono. Watu wanisikilize vizuri hapa: ule waya laini wa pembe sita kazi yake ni kumzuia kuku asitoke, haukutengenezwa kumzuia adui asiingie. Mbwa anauchana kwa meno, na mnyama mwembamba anapita kwenye matundu yenyewe. Kuutumia kugawa uwanja mchana sawa, ila kama ndo ukuta wako wa usiku hauna ukuta.

Chini hatukuendelea na mtaro. Tulilaza wavu juu ya ardhi kuzunguka banda, upana wa sentimita 50 kwenda nje, tukaufunga na ukuta kwa chini na kuupigilia vigingi, nyasi zikaota juu yake ukawa hauonekani. Mnyama anayechimba anaanzia pale ukuta unapokutana na ardhi, anakuta wavu, anahangaika palepale, hawazi kurudi nyuma nusu mita aanzie huko. Ni rahisi kuliko kuchimba na inafanya kazi ileile. Mlango tukaweka komeo mbili, na chini yake palikuwa na mwanya tukapigilia ubao.

Panya: chakula kinaondolewa jioni chote, gunia limehamia kwenye pipa la bati lenye mfuniko, rundo la kuni lililoegemea banda limehamishwa mbali. Mitego tuliweka ndani ya maboksi yenye tundu dogo ili kuku asikanyage. Sumu ya panya nilimkatalia kabisa, na ile ya nyama ya jirani ndo usiseme. Panya aliyekula sumu anatoka anayumba mchana, kuku anamdonoa, paka anamla, bundi anamla, na bundi ndo alikuwa anakusaidia kuwala panya bure. Nyama yenye sumu uani inamngoja mbwa wa jirani au mtoto. Kumuua mwewe nako, achilia mbali kwamba nchi nyingi ndege wa mawindo wanalindwa na sheria, ukimtoa huyu eneo linabaki wazi anakuja mwingine.

Vifaranga: mama na watoto wake usiku wanalala kwenye boksi lililoinuliwa, sakafu yake na pembeni ni wavu wa nusu inchi uleule. Mchana wanakaa kwenye uzio mdogo uliofunikwa juu kwa wavu, unaohamishika, kila baada ya siku kadhaa unausogeza wapate nyasi mpya. Uzio wa ukubwa wa vitanda viwili ulimaliza kazi ambayo mzee alitaka kuifanya kwa kufunika nusu ekari. Wakifika wiki nane hivi wameshakuwa wazito na wepesi wa kukimbia, ndo wanaachiwa.

Kwa kuku wakubwa mchana, tulitengeneza meza fupi za mbao chakavu, miguu ya goti, tukazitawanya uwanjani ili popote kuku alipo asiwe mbali na kivuli. Mzee aliziita vibanda vya basi. Zile sidii nilimwambia azitoe, sio kwamba hazifanyi kazi kabisa, zinafanya kazi siku chache mpaka ndege azizoee, ukitaka zikusaidie zifiche, uzitundike siku unazowaachia vifaranga na uwe unazihamisha. Muda wa kufungua nao tukausogeza, wasitoke alfajiri bado kuna kiza, wasubiri jua litoke sawasawa, maana wanyama wengi wanarudi majumbani kwao muda ule na kuku ndo wanakutana nao njiani.

Watu wengine wangempa ushauri wa mbwa mlinzi, au kanga kwa sababu ya kelele, au uzio wa nyavu wa umeme. Mbwa mzuri aliyelelewa na kuku toka mdogo ni msaada mkubwa, ila mbwa asiyefundishwa anakuwa mwizi wa tano. Kanga anapiga kelele sana, lakini kelele saa nane usiku bila mtu wa kuamka haimsaidii kuku. Umeme unamfaa mwenye shida ya mbweha na mbwa. Kwa mzee vyote hivyo vingekuja kabla ya kuziba vidole vinne vya hewa, na kanu angeendelea kupita.

Matokeo: tangu uwazi uzibwe hakuna mtetea aliyeuawa bandani. Majivu tuliendelea kuyatandaza na kanu bado alikuja, nyayo zilizunguka banda zima, mara mbili kapanda nguzo, kashuka, kaondoka. Hatukumfukuza, ni yeye hapati kitu. Vifaranga wa usiku wameacha kupotea. Yale mayai 14 yaliendelea kuatamiwa ndani ya boksi, tulimhamisha mama na kiota chake usiku wakiwa wametulia, wakatotolewa 11. Viota vipya vimeongezwa, kimoja kwa kila mitetea wanne, vina majani makavu na majivu kidogo kwa ajili ya utitiri, na wengi wamerudi kutaga ndani.

Pale ambapo mimi na mzee hatujaelewana ni wiki nane. Anasema kuku wa kienyeji akifungiwa sana anakuwa mjinga, kwaiyo kundi lililofuata aliliachia wiki ya tano, mwewe akachukua watatu. Anaona watatu kati ya 11 ni sawa, mimi naona ni wengi, ila kuku ni wake na kiukweli ufugaji huria una kodi yake, ukitaka hasara iwe sifuri unajenga banda la kufungia moja kwa moja na hapo sio huria tena. Kilichobaki kinachonisumbua zaidi ni mlango, maana mfumo wote wa usiku unategemea mtu mmoja akumbuke kufunga. Nimemwambia aidha anunue ule mlango unaojifunga wenyewe giza likiingia, au amfundishe mjukuu wake, na kama ni ule wa kujifunga bado kuna mtu aende kuhesabu, kwa sababu mlango haujui kama kuna mtetea amebaki kwenye michongoma. Mpaka sasa anasema mjukuu.